Mahali ya Sumayiya

Darasa la Kiswahili lilipoanza kusoma ile riwaya ya zamani, Sumayiya alijiona amebahatika kuliko wenzake wote. Yatima wa kitabuni, Zamda, alilelewa na watu wawili wasiofanana hata kidogo: Bi Ruzuna, dada wa marehemu baba, na Bwana Hatibu, kaka wa marehemu mama. Sumayiya naye alikuwa na Shangazi Kaltumi upande wa baba na Mjomba Kidega upande wa mama. Wenzake walihangaika kukariri sifa za wahusika. Yeye sifa hizo alikuwa akizinywea chai kila asubuhi.

Bi Ruzuna hacheki kuanzia jalada hadi jalada. Anamwamsha Zamda kabla ya alfajiri, anamkagua kucha, anamfundisha kusoma huku fimbo ikiwa imelazwa pembeni. Bwana Hatibu yeye hufika na halua mfukoni na hadithi mdomoni, na sauti yake haipandi hata siku moja. Darasa zima lilimpenda Hatibu. Wasichana wa viti vya nyuma walichora maua pembeni mwa jina lake.

Na Kaltumi je? Kaltumi alikuwa mwanamke wa Kinubi, mjukuu wa wanajeshi walioletwa kutoka Sudan enzi za wakoloni, na alipenda kusema kwamba ukoo wake uliingia Uganda na bunduki, haukuingia na maneno mengi. Aliuza katika soko la Nakivubo vifuniko vya chakula vya ukili wa rangi, vile ambavyo wanawake wa kwao husuka kwa mkono, na mteja aliyedharau kazi ile aliondoka pale akiwa amepungua kimo. Nyumbani kwao Namuwongo, karibu na reli, palikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kibanda cha video. Sumayiya alijifunza ngeli za nomino akiwa ameketi juu ya dumu la maji, huku upande wa pili watu wa filamu wakipigwa risasi na mfasiri akipaza sauti kueleza nani amekufa.

Kila siku Kaltumi alirudi kutoka sokoni na swali moja tu: umesoma? Hakuuliza umekula, kwa sababu chakula alikuwa ameshakiacha tayari kabla hajaondoka, kimefunikwa kwa kifuniko kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka. Kile hakukiuza, ingawa wengi walikitaka. Wewe mwite mkali ukipenda. Mimi nasema wakali wa namna ile wangekuwa wengi, mji huu ungekuwa na watoto wachache sana wa kuhurumia.

Kidega alikuwa dunia nyingine kabisa. Mwacholi, Mkatoliki, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi aliyestaafu, ila tarumbeta yake ilikataa kustaafu pamoja naye. Kila Jumapili baada ya misa alikuja Namuwongo na chapati za mayai zilizofungwa kwenye gazeti, akamsalimu mpwa wake kwa saluti na kumwita Afande. Alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Mtoto akilia, yeye ndiye aliyeanza kutafuta leso. Wazazi wa Sumayiya, Swaib na Babra, walipofariki pamoja katika ajali ya barabara ya kaskazini, pande mbili za ukoo zilikaa kuamua mtoto aende wapi, na watu walitazamia ugomvi wa dini na kabila. Kaltumi akasema atamlea, Kidega akasema naye atamlea, wakatazamana, wakapeana mkono. Tangu hapo Idi haikupita bila sukari ya Kidega, wala Krismasi bila sinia la pilau la Kaltumi. Kwa nini watu wazima wengine wanashindwa jambo jepesi kama hilo, sijui.

Sumayiya aliwapenda wote wawili, lakini moyoni alikuwa amewapanga kama kitabu kilivyowapanga wale wengine: mmoja wa kuogopwa, mmoja wa kukimbiliwa.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera kwa shangazi yake, nalo ni Kiswahili. Kaltumi alikulia Kampala, akafanya biashara kwa Kiganda tangu utotoni, na kama watu wengi wa mji huu, r zake nyingi ziligeuka l, na l zake kadhaa zikawa r. Habari ilikuwa habali, rudi ilikuwa ludi, kweli ilikuwa kweri. Sumayiya alikuwa wa kwanza darasani, tena akijijua kuwa wa kwanza, na kwa muda mrefu alijaribu kumrekebisha. Kaltumi alimsikiliza kwa heshima, kisha akaendelea na habali zake. Mwishowe msichana akakata shauri kurekebisha kimyakimya. Shangazi alipotamka l, Sumayiya aliigeuza kichwani kuwa r hata kabla sentensi haijaisha. Aliizoea kazi hiyo mpaka akasahau kwamba anaifanya.

Basi jioni moja, wiki chache kabla ya siku ya wazazi shuleni, alikuwa nyuma ya pazia akikunja nguo. Kaltumi alikuwa ametoka kuswali Magharibi, akapiga simu kwa Kidega. Alisema taratibu, lakini pazia ni pazia.

"Mahali ya Sumayiya imepatikana," alisema. "Mzee Kamis amekubali kutoa. Hapana, usimwambie mtoto. Ngoja siku ya wazazi ipite."

Nguo zilimponyoka Sumayiya mikononi.

Mahari. Hakuwa na shaka, na kilichomwondolea shaka ni elimu yake mwenyewe. Kama shangazi angekuwa anasema mahali, pale pa mtu kukaa, angesema mahali pa Sumayiya, tena pamepatikana. Mwalimu Huguette alikuwa ameigonga ngeli ile ubaoni mpaka chaki ikakatika. Ya na imepatikana ni za mahari. Na nani tena angetoa mahari kama si Mzee Kamis, muuza magodoro wa Kansanga, aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita? Juzi tu, Sumayiya akipita mbele ya duka lake kutoka shule, mzee yule alimsimamisha na kumwuliza anapenda rangi gani. Alijibu kijani, kwa adabu, akaenda zake. Sasa aliona maana ya swali lile. Akakumbuka pia kitambaa cha maua alichokiona chini ya kitanda, na shangazi alivyokisukuma ndani akisema si chake bado. 

Kwa bahati mbaya, riwaya ilikuwa imefika palepale. Bi Ruzuna anapokea mahari ya Zamda na kumtoa masomoni. Bwana Hatibu anajua kila kitu mapema, na siku ya harusi anaondoka kwenda kuangalia mashamba yake. Anamwachia Zamda halua mezani.

Sumayiya hakutaka kuamini kwamba mjomba wake naye ni wa namna hiyo. Jumapili ilipofika alimsubiri mlangoni, akamwuliza kama kuna jambo lolote anamficha.

Kidega aliketi kwanza kizingitini. Alitoa tarumbeta kwenye mfuko wake, akaipangusa mdomo, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Shangazi yako ndiye kamanda," alisema. "Mimi natii amri tu, Afande."

Kisha akamkabidhi chapati ya mayai, na bado ilikuwa ya moto. Sumayiya aliitazama ile chapati, akaiona halua ya Bwana Hatibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akashindwa kula kitu alicholetewa na mjomba. Aliumia kuliko alivyoumia usiku ule wa pazia. Kwa shangazi alikuwa amejiandaa kuogopa, lakini kwa mjomba hakuwa amejiandaa kwa lolote.

Shuleni, Mwalimu Huguette alikuwa amemchagua kuzungumza mbele ya wazazi. Huguette alizaliwa Bukavu, alikimbilia Kampala akiwa msichana, na alifundisha Kiswahili kama mtu anayegawa maji ya kunywa, kwa uangalifu na bila ubaguzi. Mada aliyompa ilikuwa fupi: Nani alimlea Zamda? Sumayiya alikuwa ameshaandika majibu ya kumsifu Hatibu ukurasa kwa ukurasa. Aliyachana yote, na hakuandika mengine badala yake.

Siku ya wazazi ilifika. Ukumbi ulijaa. Kaltumi alikaa mstari wa mbele amejifunga gurbaba, lile vazi la heshima la wanawake wa Kinubi, lenye nakshi alizozidarizi mwenyewe. Pembeni yake Kidega alikuwa na koti lake la bendi, vifungo vikimeta, tumbo likivitaabisha kidogo. Walipomwona Sumayiya anapanda jukwaani, Kidega alinyanyuka nusu na kupiga saluti. Kaltumi akamvuta koti akae.

Sumayiya alianza kwa sauti ya chini. Alisema kwamba darasa lao lilimpenda Bwana Hatibu kwa sababu hakumfokea Zamda, lakini yeye ameanza kumtilia shaka. Upole usiosema neno siku ya hatari, alisema, ni njia nzuri tu ya kujihifadhi mwenyewe. Hapo alimtazama mjomba wake, na Kidega akatabasamu kwa fahari.

Kisha akageukia Bi Ruzuna. Sasa sauti ilimpanda bila kuombwa. Alisimulia juu ya mwanamke anayeamsha mtoto alfajiri, asiyecheka, anayeuliza umesoma kila siku ya Mungu. Wenye kukijua kitabu walishangaa kidogo, maana mengine hayakuwemo.

"Mtu akikufundisha kusoma," alisema, akimkazia macho shangazi yake, "halafu akapokea mahari akutoe shuleni, alikuwa anakufundisha nini? Afadhali angeniacha mjinga. Ningeumia kidogo."

Hakugundua kwamba amesema angeniacha. Huguette aligundua. Kaltumi hakuonekana kugundua chochote: alikuwa akitikisa kichwa kwa kila sentensi kama mtu anayekubaliana na hotuba ya Ijumaa, na msichana alipomaliza, makofi yake ndiyo yaliyotangulia na ndiyo yaliyokawia kuisha. Makofi yale yalimchanganya Sumayiya. Mtu mwenye hatia hupigaje makofi namna ile?

Mwalimu Huguette alimkuta kando ya jukwaa, akamshika bega. Alimwambia amezungumza vizuri kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kufundishwa naye. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu hata kwenye pongezi, akaongeza swali.

"Umesema nani alimlea Zamda. Umejiuliza nani alimlea Bi Ruzuna?"

Sumayiya alikereka. Hilo halikuwemo kwenye riwaya, na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kumhurumia Bi Ruzuna yeyote.

Nje ya geti walezi wake walikuwa wanamngoja. Kaltumi alisema twende, kuna kitu cha kuonyeshwa. Walipanda barabara ya Ggaba pamoja, Kaltumi mbele na gurbaba yake, Kidega nyuma akiimba kwa pua wimbo wa gwaride, Sumayiya katikati kama mfungwa. Walipopinda kuelekea duka la magodoro la Mzee Kamis, Sumayiya alipunguza mwendo. Mzee mwenyewe alikuwa mlangoni amevaa kanzu safi, amekumbatia kipande cha godoro la sponji, akitabasamu.

Sumayiya akasimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Watu wakampita kushoto na kulia.

"Mimi siingii," alisema. "Siolewi, Shangazi. Mzee Kamis, nakuheshimu sana, lakini sikutaki."

Mzee Kamis aliangusha kile kipande cha godoro. Kidega aliacha kuimba. Kaltumi alimtazama mpwa wake, kisha akamtazama Kamis, kisha tena mpwa wake.

"Nani anaolewa?" aliuliza.

"Nilikusikia kwenye simu. Ulisema mahari yangu imepatikana."

"Nilisema mahali."

"Ndiyo, Shangazi. Mahari."

"Mahali, wewe mtoto. Ma-ha-li."

"Nimesikia. Ma-ha-ri."

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka duka lifungwe, kila mmoja akisema ukweli kwa herufi zake. Aliyewaokoa ni Kidega. Kinywani mwake l na r zilikaa kila moja kwenye kiti chake, kwani kwao kaskazini hazigombani. Alikuwa anacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Afande, sikiliza. L. L ya lala, L ya leso. Shangazi amesema mahali. Mahali pa kusomea."

Ile pa ndogo ndiyo iliyompiga Sumayiya. Ilimrudisha nyuma ya pazia, kwenye nguo zilizomponyoka, na akaona kosa lake lote kwa mara moja. Shangazi yake hakuwahi kutumia ngeli ya pa tangu azaliwe. Kwake nyumba ilikuwa ya, kiti kilikuwa ya, watoto walikuwa ya, na mahali nayo ilikuwa ya kama vitu vyote vya Mungu. Sumayiya alimpima mwanamke huyo kwa sarufi ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, akamhukumu kwayo, tena hadharani. 

Kaltumi aliwatangulia ndani. Alipita kati ya magodoro, akafungua mlango wa nyuma, akamwita Sumayiya aje.

Kilikuwa kichumba kilichowahi kuwa stoo. Sasa kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, na dirisha dogo lilitazama mgomba. Kitambaa cha maua kilikuwa pazia, kimepindwa kwa uzi ule ambao Kaltumi alitumia kwenye vazi lake. Kulikuwa na taa. Kulikuwa na meza ambayo Kidega aliiunda kwa mbao za kreti kuukuu la ala za bendi, na ukiinama ungeona bado herufi nyeupe za neno POLISI upande mmoja. Mzee Kamis aliingia nyuma yao na kipande chake cha godoro, ambacho kilishonewa foronya ya kijani, akakiweka juu ya kiti akitazama chini. Alieleza kwa haya kwamba marehemu mkewe alikuwa akisuka ukili pamoja na Kaltumi, na angefurahi kuona stoo yake ina mtu anayesoma. Sumayiya alimwomba radhi kwa sauti isiyosikika. Mzee akasema hakuna neno, binti, hata yeye angekataa.

Pakawa kimya. Hapakuwa na mtu anayepigwa risasi nyuma ya ukuta. Sumayiya hakuwahi kusikia kimya cha namna hiyo, na alijua kimetafutwa na nani, na kwamba kilipokuwa kinatafutwa yeye alikuwa amelala na hasira akimwita mwanamke huyu Bi Ruzuna. Alimpenda wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, na hakujua aanzie wapi kusema.

Kaltumi ndiye aliyeanza. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya meza, akitafuta kama kuna kibanzi kitakachomchoma mtoto.

"Yule mwanamke ya kitabu," alisema. "Ulikuwa unasema mimi?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. Kidega, nyuma ya shangazi, alikuwa anamfanyia ishara kwamba akane.

"Ndiyo, Shangazi," alisema Sumayiya. "Nilikuwa nakusema wewe."

Kaltumi alitikisa kichwa kama alivyofanya ukumbini.

"Ulisema vizuri," alisema. "Nilimchukia sana yule mwanamke. Nilipiga makofi kwa sababu nilimjua. Alikaa nyumba yetu." Kiganja kikasimama. "Mimi pia nilikuwa namba moja dalasani. Ya hesabu, ya Kiingereza, yote. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Siku moja nikaludi kutoka shule, nikaambiwa keti. Mimi walinitolea mahali. Mahali sikupata."

Maneno yale mawili yalitoka kinywani mwake yakiwa yamefanana kabisa, l kwa l. Na Sumayiya, aliyezoea kugeuza kila herufi ya shangazi yake kabla sentensi haijaisha, hakugeuza hata moja. Aliyasikia yote mawili jinsi yalivyo, na alijua lipi lilikuwa lipi. Swali la Mwalimu Huguette lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake likikagua meza.

Kidega alikuwa ameshageukia dirisha, akipapasa mifuko ya koti lake kutafuta leso.

"Basi kaa," Kaltumi alisema, akijipangusa viganja kwenye gurbaba. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ile ya kila siku. "Kaa usome. Sisi tunakwenda."

Sumayiya alivuta kile kiti chenye foronya ya kijani. Hakukikalia.

"Kaa wewe kwanza, Shangazi."

Kaltumi alimtazama kama aliyeombwa ujinga. Alimtazama Kamis, akautazama mgongo wa Kidega. Kisha akakusanya nguo yake, akakaa, akasogea mbele kidogo, na akaweka mikono yote miwili juu ya meza kama wanavyofundishwa watoto siku ya kwanza.